Kutoka Shahada ya Kwanza Hadi Uhadhiri Katika Haki na Ustawi wa Mtoto: Mwongozo Kamili

Kila mwaka vijana wengi humaliza shahada za sheria, sosholojia, saikolojia na ustawi wa jamii wakiwa na nia ya kutetea watoto. Wengi huishia kwenye miradi: mkataba wa mwaka mmoja, semina, ripoti kwa mfadhili, kisha mradi mwingine. Kazi hiyo ina heshima yake na watoto wengi wameokolewa nayo. Lakini nchi inahitaji pia watu watakaoshika swali moja kuhusu watoto kwa miaka kumi au ishirini, wakilitafiti na kulifundisha, na wawe ndio wa kuulizwa pale sheria inapoandikwa upya. Mwongozo huu ni wao. Nimeuandika nikiifikiria Tanzania. Pale Zanzibar au Kenya mambo yanapokuwa tofauti nitasema.

Msimamo wangu niuseme mapema, maana hatua zote zinazofuata zinautegemea. Msomi wa ustawi wa mtoto ambaye hajui jalada la mtoto linatembeaje kutoka dawati la polisi hadi kwa afisa ustawi na kutoka hapo hadi mahakamani, ataandika makala nzuri zisizomfaa mtoto yeyote. Usomi wa fani hii unajengwa karibu na ofisi zinazoshughulikia watoto, na unajengwa polepole.

Hatua ya 1: Jua ajira zenyewe ziko wapi

Sehemu ya kwanza ni vyuo. Ngazi ya chini kabisa ni ile ambayo chuoni kila mtu huiita TA (Tutorial Assistant), kisha mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa. Mwenye shahada ya kwanza huingia kama TA, mwenye uzamili kama mhadhiri msaidizi, na kuanzia mhadhiri kwenda juu unahitaji PhD. Nafasi za vyuo vya umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kwa hiyo fungua akaunti kwenye tovuti yao ya ajira hata kabla hujamaliza masomo. Usitazame vitivo vya sheria peke yake. Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, iliyoanza mwaka 1973, idara za sosholojia, shule za elimu na vyuo vya afya ya jamii vyote hufundisha na kutafiti mambo ya watoto.

Sehemu ya pili ni taasisi za utafiti: REPOA (utafiti wa umaskini na sera) na Ifakara (utafiti wa afya) hapa kwetu, APHRC (utafiti wa idadi ya watu na afya) kule Nairobi. Huko hufundishi sana, unatafiti na kuandika. Sehemu ya tatu ni vituo vya vyuo vinavyounganisha utafiti na utetezi. Mfano mzuri ni Centre for Child Law ya Chuo Kikuu cha Pretoria, iliyoanzishwa mwaka 1998, ambayo hufikisha kesi za watoto mahakamani huku ikifundisha wanafunzi wa uzamili. Mwingine ni Children's Institute ya Chuo Kikuu cha Cape Town, inayotoa kitabu kuhusu hali ya watoto wa Afrika Kusini ambacho wabunge na waandishi wa habari hukitegemea. Vituo vya namna hiyo kwetu ni adimu mno. Naamini kizazi kinachosoma sasa ndicho kitakachovijenga.

Hatua ya 2: Linda GPA yako, yaani wastani wa alama zako

Hili halina maneno mengi. Matangazo ya vyuo vikuu vya umma kwa kawaida hutaka wastani usiopungua 3.8 kwa shahada ya kwanza na 4.0 kwa uzamili, katika mfumo wa alama 5. Mwanafunzi mwenye moyo wa dhahabu na wastani wa 3.4 atazuiwa mlangoni kabla hajapata nafasi ya kujieleza. Kama uko mwaka wa kwanza au wa pili, punguza makongamano na warsha, kaa na vitabu. Kama umeshamaliza na wastani haukufika, njia ya taasisi za utafiti bado iko wazi, kwa sababu huko hupimwa zaidi uwezo wa kuandika na kuchambua data.

Kuhusu fani ipi usome: sheria, ustawi wa jamii, saikolojia, elimu, uchumi, zote zinafika. Ila chagua moja uwe mwenyeji wake, halafu jifunze lugha ya nyingine moja. Mwanasheria anayeweza kusoma jedwali la takwimu ni hazina. Mtaalamu wa takwimu aliyesoma Sheria ya Mtoto kifungu kwa kifungu naye ni hazina.

Hatua ya 3: Soma nyaraka kabla ya nadharia

Kabla hujaingia kwenye vitabu vya nadharia za utoto, hakikisha umesoma nyaraka hizi zenyewe na si muhtasari wake:

- Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991.
- Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990, ulioanza kutumika mwaka 1999 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2003.
- Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009, marekebisho yake, na kanuni zake, hasa Kanuni za Mahakama ya Watoto za 2016.
- Sheria ya Mtoto ya Zanzibar Na. 6 ya 2011. Ukivuka maji, sheria ni nyingine, na watafiti wengi wa Bara husahau hilo. Sheria hiyo ilipata tuzo ya dhahabu ya Future Policy Award mwaka 2015, na inafaa kusomwa sambamba na ya Bara.
- Sera ya Maendeleo ya Mtoto ya 2008, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto (MTAKUWWA), na programu ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021.

Aliye Kenya aanze na Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, na Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010.

Soma ukiwa na kalamu. Kila unapokutana na maneno kama "afisa ustawi wa jamii atafanya", jiulize pembeni: yuko wapi huyo afisa, ana usafiri gani, na nani anamlipa? Maswali mengi ya utafiti yenye thamani hutoka hapo.

Hatua ya 4: Tafuta swali moja, na liwe dogo

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mwanafunzi huja na mada kama "Changamoto za utekelezaji wa haki za mtoto Tanzania". Hiyo ni mada ya maisha ya watu ishirini. Haipimiki, haimalizwi, na ukiimaliza hakuna ofisi itakayojua cha kufanya nayo.

Swali zuri lina mambo matatu: linahusu kundi la watoto unaloweza kulitaja, linahusu ofisi au utaratibu unaoonekana, na jibu lake linaweza kubadili kitu ambacho mtu fulani ana mamlaka ya kukibadili. Nitatoa mifano mitatu iliyo hai.

Wa kwanza ni ndoa za utotoni. Sheria ya Ndoa ya 1971, katika vifungu vya 13 na 17, inaruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, ilhali mvulana anangoja hadi 18. Rebeca Gyumi alivipinga vifungu hivyo Mahakama Kuu akashinda mwaka 2016. Serikali ilikata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaafiki kwamba vinakiuka Katiba. Hata hivyo miaka ikapita baada ya hukumu bila vifungu kubadilishwa na Bunge. Kwa msomi, hapo pana swali la tasnifu nzima: kati ya hukumu na marekebisho ya sheria hutokea nini, nani hushauriwa, nani husita, na wasichana wa vijijini wanaozeshwa kwa utaratibu gani katika kipindi hicho? Uandishi juu ya ushindi wa kesi yenyewe umekwisha kuwa mwingi. Kilichofuata baadaye ndicho hakijachimbwa vya kutosha.

Mfano wa pili ni viboko shuleni. Kenya imepiga marufuku adhabu hiyo kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Tanzania Bara bado inairuhusu kwa masharti yaliyowekwa na kanuni. Mabula Nkuba wa DUCE (Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam) na wenzake hawakuishia kulaumu walimu. Waliandaa mafunzo ya kuwasaidia kusimamia darasa bila kupiga, wakayajaribu katika shule za sekondari za serikali kwa kulinganisha shule zilizopata mafunzo na zisizopata, na wakachapisha matokeo mwaka 2018: ukatili wa walimu ulipungua. Utafiti wa namna hiyo unampa waziri kitu cha kuanzia. Azimio la kongamano halimpi.

Wa tatu ni kuhusu wasichana waliopata ujauzito wakiwa shuleni. Walikatazwa kurudi, na mwaka 2019 Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na Center for Reproductive Rights walipeleka malalamiko kwa Kamati ya Wataalamu ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto. Novemba 2021 serikali ilifungua mlango warudi, na mwaka 2022 Kamati ikaamua kwamba haki zao zilikuwa zimekiukwa. Swali la sasa ni la uwandani: nani amerudi, nani hakurudi, na mtoto wake analelewa na nani saa za masomo? Linahitaji mtu wa kukaa na shule tano kwa miaka mitatu.

Ukishapata swali lako, liandike kwa sentensi moja ambayo shangazi yako asiyesoma chuo ataielewa. Asipoielewa, bado halijaiva.

Hatua ya 5: Ingia ofisini kabla hujaingia uwandani

Omba kujitolea miezi michache katika ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, kituo cha msaada wa kisheria, au shirika linalopokea simu za watoto. Tanzania namba ya simu ya mtoto ni 116, inaendeshwa na C-Sema. Kenya nayo hutumia 116. Peleka barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa mkuu wa idara, na ueleze wazi kwamba unakuja kusaidia kazi na kujifunza, hukusanyi data. Tofauti hiyo ni ya msingi. Usije ukatumia kwenye tasnifu habari za mtoto uliyekutana naye ukiwa msaidizi wa ofisi, maana hakukuridhia hilo.

Ukiwa pale, angalia mambo madogo. Simu inapoingia kwamba mtoto ameungua na chai nyumbani na majirani wanashuku, afisa anaanza na nini? Anaandika wapi? Gari linatoka idara gani? Akifika kwa mjumbe wa shina, nani anaongea kwanza? Ripoti ya uchunguzi wa kijamii inayosomwa mahakamani mara nyingi huandikwa usiku na mtu aliyeshinda juani akihudumia kata nne. Ukilijua hilo kwa macho yako, hutaandika kamwe ile sentensi ya kivivu ya "uelewa mdogo wa watendaji".

Hatua ya 6: Uzamili, PhD na fedha zake

Kwa sheria ya mtoto, tazama Pretoria na Chuo Kikuu cha Western Cape barani Afrika, na Leiden huko Uholanzi ambako kuna shahada ya uzamili ya haki za mtoto za kimataifa. Kwa ustawi wa jamii na sera, usidharau vyuo vya nyumbani: uwandani kwako ni hapa, na msimamizi anayeijua TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) atakuokolea mwaka mzima.

Ufadhili upo wa Commonwealth, wa DAAD (shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo) ikiwemo nafasi za kusoma ndani ya Afrika, na CARTA (muungano wa vyuo na taasisi za utafiti za Afrika), ambayo imekuwa ikisomesha PhD watumishi wa vyuo na taasisi wanachama, wakiwemo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Ifakara. Angalia hapo neno watumishi: mara nyingi ni busara kuajiriwa kwanza kama TA au mhadhiri msaidizi, kisha kuomba PhD ukiwa na chuo nyuma yako.

Barua ya kwanza kwa msimamizi isizidi ukurasa mmoja. Mtaje kwa makala yake mahususi uliyoisoma, toa swali lako kwa sentensi moja, eleza data utaipata wapi, na mwombe dakika ishirini za mazungumzo. Usimtumie kurasa arobaini asizoziomba. Akikaa kimya wiki tatu, mkumbushe mara moja kwa adabu, kisha endelea na mwingine.

Hatua ya 7: Vibali, na kifungu ambacho huwezi kukikwepa

Kwa Tanzania Bara, anza na kamati ya maadili ya chuo chako. Utafiti unaogusa afya unaweza kuhitaji pia kibali cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu). COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) ndiyo yenye dhamana ya vibali vya utafiti, ingawa mtafiti Mtanzania aliye chini ya chuo kikuu cha umma kwa kawaida hupata barua kupitia kwa Makamu Mkuu wa Chuo. Barua hiyo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani, halmashauri, kata, na mwisho mtendaji wa kijiji au mtaa. Kila ngazi inataka muhuri. Tenga muda wa kutosha na usimruke mtu. Mtendaji wa kata aliyerukwa ana njia zake za kukuchelewesha, na wala hatakuwa na kosa. Zanzibar ina utaratibu wake wa kibali. Kenya kibali hutolewa na NACOSTI, tume yao ya sayansi na teknolojia.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Kwa hiyo majina yasikae kwenye faili moja na majibu, sauti zisikae kwenye simu yako, na usimwachie msaidizi wa utafiti flashi yenye mahojiano.

Sasa jambo zito. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa pale anapojua haki ya mtoto inakiukwa. Mtafiti ni mwanajamii. Fomu yako ya ridhaa isiahidi siri kamili, kwa sababu ahadi hiyo huwezi kuitimiza. Mwambie mtoto hivi, mapema, kabla hajasema lolote: "Utakayoniambia sitayasema kwa mwalimu wala nyumbani. Lakini ukiniambia kuna mtu anakuumiza, au utaumia, itanibidi nimwambie mtu wa kukusaidia, na nitakwambia wewe kwanza kabla sijamwambia." Wapo wanaohofu kwamba maneno hayo yatawafunga watoto midomo. Baadhi watanyamaza, na ni haki yao. Hofu ya kukosa data haiwezi kuwa sababu ya kumdanganya mtoto.

Kabla hujaanza, kuwa na majina na simu za afisa ustawi wa kata au halmashauri, dawati la jinsia na watoto la polisi, na kituo cha mkono kwa mkono (kinachowahudumia waliofanyiwa ukatili mahali pamoja) kilicho karibu. Nenda ukaonane nao ana kwa ana. Namba iliyoandikwa kwenye andiko la utafiti bila kupigwa hata mara moja haimlindi mtu.

Hatua ya 8: Kukaa na mtoto

Ridhaa ya mzazi au mlezi ni sharti. Kukubali kwa mtoto mwenyewe nako ni sharti, na kukubali huko ni kwa kila siku unayokutana naye. Kwa mtoto wa mtaani asiye na mlezi, shauriana na afisa ustawi na kamati ya maadili mapema, usijitungie mlezi.

Chagua mahali panapoonekana lakini pasiposikika: chini ya mwembe wa shule, upande wa baraza, darasa lenye madirisha wazi. Usikae nyuma ya meza. Mkeka unafaa kuliko viti viwili vinavyotazamana, kwa sababu mkiwa ubavu kwa ubavu mtoto anaweza kuongea akichora mchanga bila kukutazama. Kama unarekodi, mpe kinasa sauti akishike, abonyeze, ajisikilize akicheka, halafu aamue kama kiwashwe. Mpatie kadi mbili, ya kijani na nyekundu. Akiinua nyekundu, swali linaachwa na hakuna kuuliza sababu. Fanyeni mazoezi ya kadi nyekundu kwa swali la mzaha kwanza, maana watoto wetu wamelelewa kutomkatalia mkubwa, na ruhusa ya mdomo tu haiwatoshi.

Uliza yaliyotokea, usiulize kwa nini. "Kwa nini hukurudi nyumbani?" masikioni mwa mtoto ni karipio. "Ulipotoka shule siku ile, ulielekea wapi?" ni mazungumzo. Akianza kulia, zima kinasa, nyamaza naye, mwulize kama angependa aitwe mtu fulani. Usimalizie mahojiano kwenye jambo zito. Rudisha mazungumzo kwenye mpira, mdogo wake, kuku, chochote kinachompendeza, ndipo muagane. Na wewe pia uwe na mtu wa kuongea naye jioni. Hadithi hizi hukaa mwilini, na watafiti vijana wengi huzibeba peke yao bila sababu.

Kumbuka pia kwamba si kila swali linahitaji kumhoji mtoto. Utafiti wa taifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011 uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24, na ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Data kama hizo, pamoja na za utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 na za tathmini za TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), zinaweza kujibu mengi bila kumgusa mtoto mwingine. Kama jibu limo kwenye data iliyopo, kumrudisha mtoto kwenye maumivu yake ni dhuluma.

Hatua ya 9: Chapisha, lakini kwa mpango

Bila machapisho hupandi cheo. Kwa wanasheria, African Human Rights Law Journal ya Pretoria inaheshimika na inasomwa bure. Kwa sera na ustawi, Children and Youth Services Review na Child Abuse & Neglect ndiyo majarida makubwa. Epuka majarida yanayokuandikia barua pepe ya sifa nyingi na kuahidi kuchapisha ndani ya siku tano ukilipa. Kamati za upandishaji vyeo siku hizi zinayajua.

Toka kwenye tasnifu moja upate makala tatu: ya sheria au historia ya sera, ya matokeo, na ya mbinu au maadili. Waweke wasaidizi wako wa utafiti kama waandishi wenza pale walipochangia kweli. Afisa ustawi aliyekusaidia kuelewa mfumo naye anastahili kuulizwa kama angependa kuandika nawe.

Hatua ya 10: Peleka kwa wenye kuamua, kwa wakati wao

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi Juni, na kamati za kisekta huanza kazi kabla yake. Halmashauri hupanga bajeti zao mapema zaidi, katika miezi ya kuanzia mwishoni mwa mwaka. Andiko lako likifika Julai, limefika watu wakiwa wamekwisha kugawana fedha. Lipeleke Novemba halmashauri na Februari wizarani. Wizara husika ni ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Lakini maafisa ustawi wa halmashauri wako chini ya TAMISEMI, na ukisahau hilo pendekezo lako litazunguka bila mwenyewe.

Liandike kwa Kiswahili, kurasa mbili. Tuseme umegundua kwamba watoto wanakaa mahabusu muda mrefu kwa sababu ripoti ya uchunguzi wa kijamii inachelewa. Kwenye tasnifu uliandika: "Ucheleweshaji wa mashauri ya watoto unatokana na mwingiliano wa vikwazo vya kitaasisi na uhaba wa rasilimali katika ngazi ya serikali za mitaa." Mjumbe wa kamati atasoma hapo, atatikisa kichwa, na hakuna kitakachofuata. Andika hivi: "Mtoto anakaa mahabusu kwa sababu afisa ustawi hana nauli ya kwenda kwao kuandika ripoti. Tunaomba kila halmashauri itenge fungu la usafiri kwa ajili ya ripoti za mahakama ya watoto." Kisha weka makisio ya gharama kwa halmashauri moja, yakiwa na hesabu inayoonekana ilivyopatikana. Mwenye kuamua akishaona nauli, kijiji na fungu, ana la kusema kwenye kikao.

Pia rudisha matokeo kule ulikoyatoa. Nenda shuleni, kwenye baraza la watoto, kwa mtendaji. Watoto wakikwambia umewaelewa vibaya, sahihisha kabla ya kuchapisha.

Hatua ya 11: Tazama jukwaa la Afrika

Kamati ya Wataalamu ya Afrika ina wajumbe 11 na makao yake ni Maseru, Lesotho. Nchi hupeleka ripoti zake pale, na asasi huweza kupeleka ripoti mbadala. Mhadhiri kijana anaweza kuanza kwa kuchangia sura moja ya ripoti mbadala kupitia asasi ya nyumbani. Angalia njia ya Benyam Dawit Mezmur, msomi wa Ethiopia anayefundisha Western Cape: amewahi kuwa mwenyekiti wa Kamati hii ya Afrika na pia wa ile ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, akiwa bado mwalimu wa chuo. Alijulikana kwa kuandika juu ya jambo mahususi, watoto wa Afrika wanaopelekwa nje kwa kuasiliwa, hadi ikawa huwezi kulizungumza bila kumsoma yeye.

Hatua ya 12: Ushauri elekezi na mkataba wake

Mishahara ya ngazi za chini chuoni ni midogo, na mashirika yatakuita kufanya ushauri elekezi. Chukua kazi hizo, ila kwa kiasi, na ziwe zinazokaribiana na swali lako. Anayefanya tathmini ya maji mwezi huu na ya korosho mwezi ujao, baada ya miaka mitano ana gari na hana makala. Usijenge kila kitu juu ya mfadhili mmoja pia: mwanzoni mwa 2025 Marekani ilipositisha misaada yake, hata mpango wa kimataifa wa tafiti za DHS (za idadi ya watu na afya), ambao watafiti wa watoto waliutegemea kwa miongo, ulisimama ghafla.

Soma kifungu cha umiliki wa data kabla ya malipo. Mikataba mingi husema kila kitu ni mali ya mfadhili, na matokeo yake ripoti kuhusu watoto wetu hufungiwa kabatini, nawe huwezi hata kuinukuu darasani. Omba kiongezwe kifungu kama hiki: "Mtafiti anaruhusiwa kutumia data zisizotambulisha mtu kwa ufundishaji na machapisho ya kitaaluma, baada ya kumpa mfadhili siku 60 za kusoma na kutoa maoni." Wengi hukubali wakiombwa mapema na kwa maandishi. Anayekataa kabisa, muulize sababu zake, na kama ripoti inahusu madhara waliyoyapata watoto ndani ya mradi wake mwenyewe, usisaini.